Pale Fimbo Ilipokosa Ardhi

Kompyuta niliuziwa Mwanjelwa kwa bei ya hasara:
kioo kimekufa, cheusi kama sufuria ya msibani.
Subilaga akacheka. "Hasara ya nani? Niletee."
Akaiwekea sauti, sauti ya mzungu mwenye mafua
anayeitamka Uyole kama anatafuna kiazi cha moto,
na vidole vyake vikaikimbiza sauti ile
mpaka nikaomba apunguze mwendo,
mimi mwenye macho.

Studio yetu ni stoo ya mama yake, Ilomba.
Kuta ni magunia ya lumbesa,
yanameza mwangwi na hayadai kodi.
Ngoma yetu ya chini ni kiazi kimoja
kikidondoka kwenye debe tupu.
Cha kwanza hakikumridhisha.
"Hicho kimeoza ndani. Tafuta kingine."
Nikakipasua kimyakimya. Kweli, kimeoza.
Sikumwambia. Alinijua kwa kunyamaza.

Tulinasa treni ya TAZARA ikikanyaga breki Iyunga,
tukaikatakata, tukaitandaza juu ya kiazi.
Tulinasa mvua ya Tukuyu kwa shangazi yake, siku tatu,
na shangazi akiuliza, kwani kwenu mvua imeisha?
Mwisho akanasa mwendo wake mwenyewe,
Kabwe hadi Mwanjelwa, kinasa sauti kifuani
ndani ya soksi, upepo usikikoromee.

Hapo ndipo nilipoharibu.
Juni ile, vidole vikiuma kwa baridi,
niliazima televisheni ya binamu nikaichomeka,
nipate walau kuona ninachofanya.
Nikaona hatua zake, vilima vidogo vidogo,
na katikati ya vilima, miiba:
tk, tk, tk.
Nikaing'oa yote, mmoja mmoja, usiku kucha.
Nikahifadhi. Nikafunga. Nikalala kama fundi.

Asubuhi alisikiliza, mkono ukamsimama hewani.
"Gwakisa, fimbo yangu iko wapi?"
"Nimeondoa kelele."
"Sasa anayetembea humu ni nani?"

Sikuwa na jibu.
Nakala pia sikuwa nayo.

Tukarudi barabarani kabla ya jua,
Loleza kajifunika ukungu hadi miguuni,
wauza maparachichi wakigombania kona,
bodaboda mmoja akikohoa pamoja na pikipiki yake.
Mimi nyuma, nimekatazwa kusema.
Tk. Tk. Tk. Tk.
Halafu
 
hakuna.

Mtaro. Jana haukuwepo.
Watu wa mabomba wamechimba usiku wakaenda zao,
hawakuacha hata jiwe la kuonya.
Nilipiga kelele nimeshachelewa;
yeye alikuwa amekwishasimama, kidole gumba ukingoni,
fimbo ikichezacheza ndani ya shimo
kama ulimi kwenye pengo la jino.
Usidhani alinyamaza kwa busara.
Aliwatukana kwa Kinyakyusa, kwa kina na kwa utaratibu,
na kipande hicho tumekikata kwa ombi lake,
kwa kuwa mama yake atasikiliza.

"Lile pengo usilizibe."
Nilitaka kutia besi, kengele, chochote,
nafasi tupu hunitia wasiwasi.
"Liache. Urefu wake uleule."
Nililipima: halifiki sekunde moja.
"Ni ndefu kuliko hapo," akasema,
na sikubisha, maana si mimi niliyekuwa mbele.

Mtaro haujafukiwa hadi leo.
Jumamosi, kwenye sendofu ya Sokomatola,
waliupiga kwa spika mbili zinazokoroma.
Watu wakauingia mdundo kwa mabega, kwa viuno,
mashangazi wenye vitenge sare mbele kabisa,
kiazi kikidondoka, treni ikilia, fimbo ikihesabu.
Subilaga alisimama pembeni, kiganja juu ya ubao wa spika.
Mara ukumbi mzima ukabaki mguu mmoja juu,
na shangazi mmoja akamshika jirani begani asianguke.

"Wamefika mtaroni," akaninong'oneza.